Tone Lililokosa Uso: Historia ya Mikondo ya Giligili Iliyovuka Kikomo

Katika injini ya dizeli ya lori, kama ilivyo katika chumba cha mwako cha roketi, kazi huanza kwa tendo moja: mafuta au oksijeni ya kioevu husukumwa kwa nguvu kupitia tundu jembamba la nozeli, hutoka kama mkondo, na mkondo huo hulazimika kuchanganyika na gesi iliyoko chumbani kabla ya kuwaka. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vya uhandisi vilieleza hatua hiyo kwa namna moja, kwamba mkondo hupasuka vipandevipande, vipande huwa matone, na matone hukauka kuwa mvuke kama maji yaliyomwagika juu ya chuma cha moto. Maelezo hayo ni sahihi pale ambapo mgandamizo wa chumba ni mdogo. Katika injini nyingi zenye nguvu, hata hivyo, mgandamizo hupanda kupita kiwango ambacho juu yake kioevu na gesi ya kitu kile kile havitenganishwi tena na mpaka wowote, na hapo ndipo lilipozuka swali lililowashughulisha watafiti kwa miongo kadhaa: je, tone linaweza kuwapo mahali ambapo uso wa tone hauna nafasi ya kuwapo?

Uso unaozungumzwa hapa ni ule mpaka mwembamba unaotenganisha kioevu na gesi iliyo juu yake, mpaka unaofanya maji ya mtungini yawe na juu na chini, na unaofanya tone liwe la mviringo kwa sababu chembe zilizo kwenye mpaka huvutwa kuelekea ndani. Mvuto huo ndio wataalamu huuita mvutano wa uso, na historia ya mikondo iliyovuka kikomo ni historia ya namna mvutano huo ulivyogunduliwa kwamba hukoma.

Mlio uliokoma mtutuni

Ugunduzi wa kwanza ulifanywa kwa sikio. Charles Cagniard de la Tour, mwanafizikia na mbunifu wa Ufaransa ambaye mwaka 1819 alikuwa amebuni king'ora cha kupimia mitetemo ya sauti, alitaka kujua kama kioevu kilichofungiwa ndani ya chombo imara huendelea kuwa kioevu bila kikomo kadiri kinavyozidi kupashwa moto. Tangu karne ya 17, chungu cha mvuke cha Denis Papin kilikuwa kimeonyesha kwamba maji yaliyozuiwa kutoka hupata joto kubwa kuliko lile la kuchemka kwa kawaida, lakini hakuna aliyekuwa amefuatilia jambo hilo hadi mwisho wake. Mwaka 1822 Cagniard alitumia mtutu wa bunduki, akatia ndani yake kioevu pamoja na tufe dogo la gumegume, jiwe lile lile lililotoa cheche katika bunduki za zamani, kisha akauziba na kuupasha moto. Kila alipouinamisha mtutu, tufe lilibingirika na kuingia kwenye kioevu kwa mlio wa chubwi uliosikika kupitia chuma. Lakini joto lilipopita kiwango fulani mlio huo ulikoma, na tufe likasikika likibingirika kana kwamba mtutu haukuwa na kitu ndani ila hewa.

Baada ya sikio likafuata jicho. Cagniard alirudia jaribio hilo kwa mirija ya kioo, na akaona alkoholi ikivimba hadi karibu mara mbili ya ujazo wake wa awali, kisha ikatoweka kiasi cha mrija kuonekana mtupu. Mrija ulipopoa, wingu zito lilitokea mara moja na kioevu kikarudi mahali pake. Alifanya hivyo pia kwa etha na kwa kaboni disulfidi, na kwa maji alipata taabu zaidi kwa sababu maji yenye joto kali kiasi hicho hushambulia kioo chenyewe. Hali hiyo mpya ilikosa jina kwa muda mrefu. Michael Faraday, aliyekuwa ameshughulika kwa miaka mingi na kugeuza gesi kuwa vioevu, alimwandikia mwanazuoni William Whewell mwaka 1844 akiomba msaada wa kupata neno la kuiita, na mwaka 1860 Mrusi Dmitri Mendeleev alipendekeza iitwe joto kamili la kuchemka.

Aliyefafanua jambo hilo kwa vipimo alikuwa Thomas Andrews wa Queen's College mjini Belfast, ambaye katika mhadhara wake wa mwaka 1869 mbele ya Royal Society ya London alieleza majaribio ya miaka mingi juu ya kaboni dioksaidi iliyobanwa ndani ya mirija myembamba ya kioo kwa skrubu za chuma. Andrews alionyesha kwamba chini ya joto la 30.92 °C gesi hiyo ikibanwa hugeuka kioevu na uso huonekana ukitenganisha pande mbili, lakini juu ya joto hilo gesi inaweza kubanwa kwa nguvu yoyote bila uso huo kutokea. Mahali ambapo tofauti hukoma, panapotajwa kwa joto lake na kwa mgandamizo wake, ndipo panapoweza kuitwa nukta kikomo, na giligili, neno linalojumlisha kioevu na gesi kwa pamoja, ikiwa na joto na mgandamizo uliopita nukta hiyo husemwa kuwa imevuka kikomo. Vipimo vya leo huiweka nukta kikomo ya kaboni dioksaidi karibu sana na alipoiweka Andrews, yaani takriban 31 °C na mgandamizo wa mara 73 ya ule wa angahewa.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, takwimu hiyo si ya maabara pekee. Mitungi myekundu ya kuzimia moto yenye pembe nyeusi, inayotundikwa karibu na swichi kubwa za umeme, hujazwa kaboni dioksaidi ambayo katika chumba chenye ubaridi huwa sehemu kioevu na sehemu gesi. Lakini katika miezi ya kaskazi, joto la mchana linapopita 31 °C jijini Dar es Salaam au Mombasa, mtungi uliowekwa mahali pasipo kiyoyozi hauna tena uso wa kioevu ndani yake. Kilichomo ni giligili moja iliyovuka kikomo, nzito karibu kama kioevu na yenye kuenea kila pembe ya mtungi kama gesi, na aliyeutikisa mtungi huo akitafuta mlio wa kioevu angerudia, bila kujua, jaribio la Cagniard.

Mwaka 1873 Johannes van der Waals, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden, aliandika mlinganyo mmoja uliotumika kwa gesi na kwa kioevu kwa pamoja, ukizingatia kwamba chembe zina ukubwa wake na kwamba huvutana. Nukta kikomo ilijitokeza yenyewe ndani ya mlinganyo huo, bila kuchomekwa kutoka nje, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1910.

Mkondo wenye uso

Wakati hayo yakiendelea, tawi lingine la fizikia lilikuwa likichunguza mikondo ya kioevu kana kwamba ugunduzi wa Cagniard haukuwahi kutokea, kwa sababu haukuwa na haja nao. Félix Savart alieleza mwaka 1833 jinsi mkondo wa maji unaotoka kwenye tundu unavyojikatakata kuwa matone, na mwishoni mwa miaka ya 1870 Lord Rayleigh alionyesha kwa hesabu kwamba anayeukata ni mvutano wa uso: mkunjo mdogo unaozuka ubavuni mwa mkondo hukuzwa na mvutano huo hadi mkondo ubanwe shingoni na tone lidondoke. Nadharia nzima ya kupasuka kwa mikondo ilijengwa juu ya msingi huo, kwamba uso upo na kwamba unavuta.

Injini zilirithi msingi huo. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897, aliyaingiza mafuta kwa kuyapuliza na hewa iliyobanwa ili yasambaratike kuwa matone madogo. Baadaye pampu zilizosukuma mafuta peke yake zilichukua nafasi ya hewa hiyo, na kuanzia mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilizitengeneza kwa wingi. Mwaka 1953 G. A. E. Godsave na D. B. Spalding wa Uingereza walieleza kanuni iliyokuwa rahisi kuikumbuka na rahisi kuitumia, kwamba mraba wa kipenyo cha tone linalowaka hupungua kwa mwendo usiobadilika, hivyo mhandisi aliyejua ukubwa wa matone aliweza kukadiria urefu wa chumba cha mwako. Tone likawa kipimo cha kila kitu.

Mgandamizo ndio uliokuja kuvuruga hesabu hiyo. Nukta kikomo ya oksijeni iko kwenye takriban −118.6 °C na mgandamizo wa mara 50 ya ule wa angahewa, na roketi za kwanza zilizotumia oksijeni ya kioevu zilifanya kazi chini sana ya mgandamizo huo. Injini ya F-1 iliyotengenezwa na kampuni ya Rocketdyne kwa ajili ya roketi ya Saturn V ilifanya kazi kwenye mgandamizo wa karibu mara 70, na ndani yake mwako ulikuwa na tabia ya kutikisika, yaani mawimbi ya mgandamizo yalijirudia mamia ya mara kwa sekunde moja na kuongezewa nguvu na moto wenyewe hadi kuharibu chumba. Baada ya injini moja kuharibiwa na mtikisiko huo mwezi Juni 1962, wahandisi walianzisha mradi maalumu ambao ndani yake mabomu madogo yalilipuliwa kwa makusudi katika chumba kilichokuwa kikiwaka, ili ionekane kama mtikisiko utakaozuka utatulia wenyewe. Majaribio takriban 2,000 ya injini nzima yalifanywa kabla ya mpangilio wa matundu ya kuingizia na kuta fupi za shaba zilizoligawa bamba lenye matundu hayo kuleta utulivu. Tatizo lilitatuliwa kwa subira na kwa gharama, na roketi ikafika mwezini, lakini swali la umbo la oksijeni ilipotoka tunduni kwenye mgandamizo uliozidi kikomo chake halikujibiwa na majaribio hayo.

Kutoka Waterloo hadi Lampoldshausen

Jibu lilianza kutafutwa kwa chombo kidogo zaidi. Mwaka 1971 J. A. Newman na T. A. Brzustowski wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha matokeo ya kuingiza kaboni dioksaidi ya kioevu ndani ya chumba chenye nitrojeni na kaboni dioksaidi, wakiupandisha mgandamizo hatua kwa hatua hadi kuvuka nukta kikomo. Waliona matone yakipungua ukubwa na mkondo ukilainika, wakapendekeza kwamba juu ya kikomo mkondo huo unaweza kuchukuliwa kuwa mkondo wa gesi wenye mtibuko, yaani wenye mizunguko isiyo na mpangilio, tofauti ikiwa ni kwamba msongamano wake hubadilika sana kutoka katikati kwenda ukingoni. Pendekezo hilo lilikuwa zito, kwa kuwa lilitaka nadharia ya Rayleigh iwekwe kando mahali ambapo kila mtu alikuwa ameizoea.

Miaka ya 1990 injini zenye mgandamizo mkubwa zilikwisha kuwa jambo la kawaida: injini kuu ya vyombo vya anga vya Marekani vilivyoanza kuruka mwaka 1981 ilifanya kazi kwenye mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa angahewa, na injini ya Vulcain ya roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilifikia takriban mara mbili ya mgandamizo kikomo wa oksijeni. Wolfgang Mayer wa kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani kilichopo Lampoldshausen, pamoja na Hiroshi Tamura wa maabara ya Kakuda nchini Japani, walichapisha mwaka 1996 picha za oksijeni ya kioevu ikiingia na kuwaka pamoja na hidrojeni ndani ya chumba chenye madirisha. Katika mgandamizo mdogo picha zilionyesha vipande vya kioevu na matone kama vitabu vilivyotabiri; katika mgandamizo uliozidi kikomo zilionyesha nyuzinyuzi zilizoota ubavuni mwa mkondo, zikarefuka na kuyeyuka ndani ya gesi bila kukatika kuwa matone.

Katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards huko California, Bruce Chehroudi, Doug Talley na Edward Coy waliurahisisha uchunguzi huo kwa kuondoa moto kabisa. Nitrojeni ya kioevu ilipitishwa kwenye mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.254 na kuingizwa ndani ya chumba chenye nitrojeni ya joto la kawaida, huku mwanga ukipigwa kutoka nyuma ili mkondo uonekane kama kivuli cheusi. Mgandamizo ukiwa mdogo, kivuli kilikuwa na kingo kali na matone yaliyotawanyika pembeni. Mgandamizo ulipokaribia kikomo cha nitrojeni, ambacho ni takriban mara 34 ya ule wa angahewa, matone yalitoweka na mahali pake pakaonekana vijitokezo vyembamba kama meno ya kitana. Ulipovuka kikomo, kingo zilififia na mkondo ukafanana na moshi mzito unaotoka bombani.

Mchango mkubwa wa kundi la Edwards ulikuwa kupima pembe ya kutanuka kwa mkondo huo na kuilinganisha na takwimu zilizokusanywa kabla yao, zikiwamo zile za mwaka 1974 ambapo Garry Brown na Anatol Roshko, katika taasisi ya Caltech, walichunguza namna gesi mbili zenye uzito tofauti, heliamu na nitrojeni, zinavyochanganyika zinapopita ubavu kwa ubavu. Mkondo wa nitrojeni iliyovuka kikomo ulitanuka kwa kasi ile ile iliyotarajiwa kwa gesi. Kilichokuwa pendekezo huko Waterloo kikawa kipimo, na kwa muda ilionekana kana kwamba hadithi imefika mwisho wake: chini ya kikomo pana matone, juu yake pana gesi.

Mpaka uliopanuka

Wataalamu wa Lampoldshausen walionyesha kwamba mambo si mepesi kiasi hicho. Mwaka 1999 Michael Oschwald na A. Schik walipima msongamano ndani ya mkondo wa nitrojeni kwa kutumia mtawanyiko wa Raman, mbinu ambayo kwayo mwanga wa leza unaogonga chembe hurudi ukiwa na rangi iliyobadilika kidogo, na nguvu ya mwanga huo huonyesha idadi ya chembe zilizopo. Giligili iliyovuka mgandamizo kikomo haichemki, kwa sababu haina uso wa kutoa mapovu, lakini inapopashwa moto hupita katika ukanda mwembamba wa joto ambamo humeza nishati nyingi na kuvimba ghafla. Kwa nitrojeni yenye mgandamizo wa mara 40 hivi, badiliko la digrii kama 10 karibu na −143 °C hupunguza msongamano hadi chini ya nusu. Tabia hiyo ilipewa jina lenye maana ya mchemko wa kuigiza, na kwa ajili yake milinganyo ya gesi ya kawaida haifai kukokotolea mikondo hii. Badala yake hutumika milinganyo kama ule wa Giorgio Soave wa mwaka 1972 na ule wa Ding-Yu Peng na Donald Robinson wa Chuo Kikuu cha Alberta wa mwaka 1976, ambayo yote ni wajukuu wa mlinganyo wa van der Waals.

Tatizo la pili lilitokana na ukweli kwamba injini haziingizi kitu kimoja ndani ya kitu hicho hicho. Takwimu za Andrews zilihusu kaboni dioksaidi peke yake, iliyotulia ndani ya kioo, wakati katika injini mafuta hukutana na hewa na oksijeni hukutana na hidrojeni, na kila mchanganyiko una kikomo chake. Mgandamizo kikomo wa mchanganyiko unaweza kuwa mkubwa mara nyingi kuliko wa kila kitu kilichomo, na ndiyo maana katika majaribio heliamu ilipoongezwa kwenye chumba cha nitrojeni dalili za mvutano wa uso zilirudi, ingawa mgandamizo ulikuwa umezidi kikomo cha nitrojeni safi na cha heliamu safi.

Mjadala uliosalia uliihusu zaidi injini ya dizeli. Dodekani, kimiminika kinachotumiwa na watafiti badala ya dizeli kwa sababu kimeundwa na aina moja tu ya molekuli, ina nukta kikomo kwenye 385 °C na mgandamizo wa mara 18. Maabara za nchi mbalimbali zinazoshirikiana na Sandia National Laboratories ya Marekani zilikubaliana kuichunguza katika hali moja: tundu la milimita 0.09, gesi yenye joto la 627 °C na mgandamizo wa karibu mara 60, yaani hali inayozidi kikomo cha dodekani kwa joto na kwa mgandamizo pia. Mwaka 2013 Rainer Dahms na Joseph Oefelein wa Sandia walieleza kinadharia kwamba katika hali kama hiyo mpaka kati ya mafuta na gesi hunenepa kuliko umbali ambao molekuli moja husafiri kabla ya kugongana na nyingine, hivyo hauwezi tena kutenda kazi kama uso.

Jicho lilirudishwa kazini mwaka 2017, pale Cyril Crua wa Chuo Kikuu cha Brighton pamoja na Julien Manin na Lyle Pickett wa Sandia walipoelekeza hadubini na kamera ya kasi kubwa kwenye matone mamoja mamoja, kila moja likiwa dogo kuliko unene wa unywele. Waliona kwamba hata pale gesi ilipozidi kikomo cha mafuta, matone hayo mwanzoni yalibaki matone: yalibonyea, yakajikunyata na hata kupasuka kwa namna ya kale iliyoelezwa katika vitabu. Baadaye, kingo zake zilififia taratibu, mvutano wa uso ukalegea, na lililokuwa tone likanyooka kama uzi wa moshi na kuchanganyika na gesi. Sababu ni kwamba tone huingia likiwa baridi kuliko gesi inayolizunguka, na ngozi yake si mafuta safi bali mafuta yaliyochanganyika na nitrojeni, ambayo kikomo chake kiko juu zaidi. Mpaka tone lipashwe moto vya kutosha, uso hubaki hai.

Matokeo hayo hayakumfanya Andrews kuwa mwenye kosa, wala hayakuwapinga waliopiga picha huko Edwards, kwa kuwa kila mmoja alipima kile kilichokuwa mbele yake, giligili iliyotulia au nitrojeni ndani ya nitrojeni. Kilichobadilika ni namna kikomo kinavyofikiriwa, maana ndani ya mkondo si mstari unaovukwa mara moja tunduni, ni safari ambayo kila kipande cha kioevu huipita kwa wakati wake. Mhandisi anayekokotoa mwako kwa kuhesabu matone hupata muda mmoja wa kuchanganyika na kiasi kimoja cha masizi, na yule anayekokotoa kana kwamba yote ni gesi hupata vingine. Aliye karibu zaidi na ukweli ni yule anayejua uso wa tone huishi kwa muda gani baada ya kutoka kwenye nozeli. Muda huo, ambao ni sehemu ndogo ya sekunde, ndio maabara zinaoupima leo, miaka 200 na zaidi tangu mlio wa tufe la gumegume ulipokoma ndani ya mtutu.